Kiu ya Paka Sakania

Vijana wa dispanseri, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na sanduku la soda, kisha mkaniomba niwaandikie kidogo jinsi tulivyofanya kazi zamani. Soda ilikwisha siku ileile. Wajukuu ni watu wa haraka. Saa inatembea. Naisikia mchana nyumba inapokuwa kimya, na siku hizi nyumba yangu iko kimya mara nyingi. Basi nimeketi kuandika. Shule yangu iliishia pale ambapo yenu ilianzia, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya, lisogezeni wenyewe.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilikuwa infirmier, muuguzi, wa wanyama siku ya kwanza, na nilikuwa infirmier wa wanyama siku ya mwisho. Kilichobadilika ni rangi ya koti.

Nilianza miaka ile nchi ilipoitwa Zaire. Tuliitana citoyen na citoyenne, yaani raia, majina ya ubatizo yalifungiwa kabatini pamoja na tai kwa amri ya serikali, na shaba ndiyo iliyoulisha mji. Asubuhi moshi wa kiwanda ulipita juu ya nyumba, mrefu, mweupe, bila haraka, na tulijua upepo unatoka wapi kwa ladha iliyokaa kwenye ulimi. Dispanseri ilikuwa nyuma ya machinjio: jengo la matofali, ua wa udongo mwekundu, bomba moja la maji. Katika miezi ya baridi vumbi lilibaki hewani hata kama hakuna aliyepita, na jua likiingia humo kila kitu kilionekana kiko mbali: mbuzi, mama aliyemleta, hata mkono wako mwenyewe. Nikikumbuka sasa, sauti zinakuja nyuma ya picha. Kwanza naona midomo ya watu inacheza, baadaye kidogo ndipo nasikia.

Siku ya kwanza sikupewa sindano wala dawa. Nilipewa kamba. Aliyenipa ni infirmier mkubwa wa pale, ambaye sote tulimwita Vieux Fataki, Mzee Fataki, kwa heshima, mtu mfupi mwenye mikono mipana, aliyekuwa akisema na wanyama kwa Kibemba na sisi kwa Kiswahili. Mwisho wa kamba alikuwapo beberu. Beberu alinivuta mpaka kwenye bomba, akanizungusha, akanirudisha. Vieux Fataki alitazama yote hayo akiwa amefunga mikono kifuani.

“Citoyen,” aliniuliza, “ni weye unashika mbuzi, ao ni mbuzi anakushika weye?”

Watu waliokuwa wakingoja walicheka mpaka kuku wakaruka. Ndivyo nilivyoanza. Miezi mingi kazi yangu ilikuwa kushika tu, na mpaka leo nasema anayejua kushika ameshajua nusu ya kazi, kwa sababu mikono yake inasikia mnyama anavyotetemeka, anavyopumua, pale panapomuuma.

Vyombo vyetu mngevicheka. Sindano zilikuwa za kioo, tulizichemsha katika sufuria ambayo zamani ilikuwa ya kusongea bukari, na ncha zake tulizinoa kwenye jiwe. Kipimajoto kilikuwa kimoja, kimefungwa uzi mrefu na mwisho wa uzi kibanio cha nguo cha kubana kwenye manyoya, kwa sababu kile kilichokitangulia kiliingia ndani ya nguruwe na hakikurudi. Nguruwe aliendelea na maisha yake vizuri tu. Sisi tulikaa msimu mzima wa mvua bila kipimajoto.

Vieux Fataki alinifundisha kuuliza kabla ya kugusa. Anakula nini, anakunywa nini, kinyesi kikoje, tangu lini. Alitaka niulize hata kama mbwa ametegukwa mguu na mguu unaonekana wazi unaning'inia. “Uliza tu,” alisema. “Muntu akijibu, moyo yake inatulia, na nyama naye anatulia.” Nyama ndilo neno letu la mnyama, mnajua.

Tulipokea mbuzi, mbwa wa walinzi, nguruwe, bata, mara mojamoja ng'ombe. Paka hawakuletwa. Paka alikuwa wa kukamata panya, na akiugua alijiondoa mwenyewe akaenda kufia asikojua mtu. Wako pia waliowala, lakini hao hawakuwa na sababu ya kuja kwetu. Ndiyo maana siku Mama Albertine alipoingia uani na kikapu, na ndani ya kikapu kukatoka kichwa cha paka wa kijivu, mzee, mwenye sikio lililochanika, watu wote waligeuka kutazama.

Mama Albertine alikuwa mjane, amevaa kitambaa cheusi cha kilio. Alikaa mtaa wa Bel-Air. Katika karatasi jina lake lilikuwa lile la ukoo, kama serikali ilivyotaka, lakini mtaani hakuna aliyelitumia.

“Iko na shida gani, mama?” aliuliza Vieux Fataki.

“Ananywa mayi.”

Mwenye mbuzi mmoja akadakia, “Sasa mama, ulitaka anywe pombe?”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alingoja wamalize, kama mtu anayengoja treni ipite ndipo avuke.

“Ananywa basani muzima,” alisema. “Ikiisha anaenda ku robinet ya mayi, anaramba matone inaanguka. Juzi alikunywa mayi ya sabuni. Na kukojoa, usiseme. Mbele hakukuwa vile.”

“Anakulaka nini?”

“Makayabo. Ni bwana yangu njo alimuzoeza.”

Vieux Fataki alipiga mikono. Makayabo, samaki yule wa chumvi ambaye lazima umloweke usiku kucha ndipo alike! “Mama! Ata miye, unipe makayabo kila siku, nitakunywa muto Lubumbashi yote! Umukatie ile chumvi. Umupe ndagala ya kuchemsha, umurudishe juma ingine.”

Shauri lilikuwa zuri, na sote tuliliona zuri. Mimi ndiye niliyembebea kikapu mpaka kwenye lango. Hapo akasimama. Alinishika mkono wa koti, akaniuliza kwa sauti ya chini.

“Papa, weye haukuchekaka. Uniambie kweli. Ni ugonjwa, ao ni yeye?”

“Yeye nani, mama?”

“Bwana yangu.”

Alinieleza tukiwa tumesimama palepale. Mume wake, Mwepu, alikuwa mtu wa reli, akifanya kazi katika treni za kwenda Sakania, mpakani. Miaka mingi nyuma alirudi kutoka huko na mtoto wa paka ndani ya kopo lake la chakula, wakamwita Sakania. Paka alikuwa wake hasa. Alijua mlio wa treni yake, na treni nyingine hakuzijali. Mwaka ule, mwisho wa mvua, Mwepu alipasuliwa tumbo hospitalini. Baada ya kupasuliwa walimkataza maji, kama walivyokatazwa wote waliopasuliwa tumbo siku zile. Akaomba maji. Mama Albertine alimfuta midomo na pamba iliyolowa. Akaomba tena. Mara moja Mwepu alifaulu kuchukua kikombe cha mgonjwa wa kitanda cha pili, na kaka yake mkubwa, Kalenga, aliyekuwa amesimama hapo, akamnyang'anya kabla hakijafika mdomoni. Kalenga alifanya alivyoambiwa na watu wa hospitali. Siku iliyofuata Mwepu alikufa.

“Ile ya mwisho alisema, ni mayi,” Mama Albertine aliniambia. “Haikukuwa jina yangu. Ilikuwa mayi.”

Haukupita muda mrefu baada ya mazishi, paka akaanza kunywa. Ndugu za mumewe walipoona, walisema kilichokuwa wazi kwao: Mwepu alikufa na kiu, na sasa anatafuta maji kwa mdomo wa paka wake. Aliyesema hivyo kuliko wote ni Kalenga. Siku ya kumaliza kilio ilikuwa inakaribia, siku ambayo ukoo hukaa na kugawa vitu vya marehemu, na paka alikuwa kitu cha marehemu. Kalenga alitaka atiwe kwenye gunia na kutupwa ng'ambo ya mto, mbali, asipate njia ya kurudi.

“Kama ni ugonjwa, bataniachia,” alisema Mama Albertine. “Kama ni yeye, batamukamata.”

Jioni ile nilimsimulia mke wangu. Nimemzika mvua hizi zilizopita. Wakati ule tulikuwa tumeoana karibuni, na alikuwa na tabia ya kunisikiliza akiwa anachambua mboga, bila kuinua macho, hata ukadhani hasikii. Nilipomaliza aliuliza swali moja: “Na ule mama, yeye mwenyewe anataka ikuwe nini?” Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuuliza, sikuwa nimeuliza hilo.

Juma lililofuata alirudi. Makayabo yalikuwa yameachwa, na paka aliendelea kunywa vilevile. Zaidi ya hayo Kalenga alikuwa amekuja nyumbani, akaona basani, lile beseni la maji ya paka, akaifungia chumbani. Alisema paka atajifunza. Sasa paka alikuwa amelala ndani ya kikapu macho yameingia ndani, na Vieux Fataki alipoivuta ngozi ya shingo na kuiachia, ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Hapo niliona jambo ambalo sikuliona mara nyingi kwa watu wa umri wake. Alivua kofia.

“Mama, njo miye nilikosea. Haiko chumvi. Nilipashwa kumupima siku ile, nikacheka tu.” Halafu akaniambia mimi, bila kupandisha sauti, “Leta mayi. Na uite docteur.”

Docteur Kapinga alikuwa mwanamke kijana, aliyemaliza masomo yake ya uganga wa wanyama papa hapa mjini, na alikuwa na mwendo wa polepole uliowafanya watu wasio na subira waone haya. Alichuchumaa mbele ya kikapu. Alimwacha paka anywe kwanza. Tulisikiliza ule ulimi mdogo ukifanya kazi, kwa muda mrefu sana.

“Paka muzee akinywa hivi,” alisema mwishowe, “miye ninawaza bintu mbili. Sukari mu damu, ao mafigo. Yote mbili inamukojolesha, na akikojoa anatafuta mayi. Haiko kama anakunywa ndio anakojoa. Anakojoa, ndio maana anakunywa.”

Vile vikaratasi vya kupimia sukari vilikuwa vimekwisha zamani. Kila tulipouliza bohari, walijibu kwamba vinakuja, na pengine bado viko njiani. Docteur Kapinga hakulalamika. Alisema, “On va demander aux fourmis,” tuwaulize sisimizi, maana mkojo wenye sukari huwavuta. Mwalimu wake alimfundisha hivyo kwa ajili ya siku kama hizo.

Tulimweka paka katika beseni kavu mpaka akatupa mkojo aliokuwa nao. Ulikuwa mweupe, mwepesi kama maji ya mvua, na haukuwa na harufu inayojulikana. Docteur akamimina kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akaweka kifuniko karibu na shimo la sisimizi ukutani. Pembeni akaweka kifuniko cha pili chenye maji na sukari kidogo ya chai yake. Tukachuchumaa kungoja: docteur, Vieux Fataki, mimi, na Mama Albertine na kikapu chake.

Sisimizi hawakuja.

“Unaona,” alisema Vieux Fataki. “Hakuna sukari.”

“Vieux, angaria kifuniko ya pili,” alisema docteur.

Kwenye maji ya sukari nako hakukuwa na hata sisimizi mmoja. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa baridi, ardhi ilikuwa bado imelala. Kama tusingekuwa na kifuniko cha pili tungeandika jibu ambalo hatukupewa. Hili ndilo ningependa mlibebe, hata sasa mnapokuwa na mashine: wekeni siku zote kifuniko cha pili.

Tukangoja jua. Sijui kama katika maisha yangu ya kazi nilipata kuwa na saa nyingine kama zile. Jua lilipanda juu ya paa la machinjio, likashuka ukutani kidogo kidogo, likafika kwenye udongo. Vumbi likawa dhahabu. Mbali, kwenye reli, mabehewa yaligongana, na paka akainua kichwa, akasikiliza, akakilaza tena. Mama Albertine alikuwa amemwekea mkono mgongoni. Watu waliingia, wakatuona watu wazima wanne tunatazama ukuta, wakaketi bila kuuliza. Ndipo akatoka sisimizi mmoja, halafu wengine, wakatembea kama waliosahau walikokuwa wanakwenda. Walifika kwenye kifuniko cha sukari, wakajaa. Kile kingine walikipita. Waligusa ukingo wake, wakageuka.

Docteur alisimama polepole, akaja kumpapasa paka tumboni kwa vidole, huku na huku, amefumba macho. Aliuongoza mkono wangu nipapase. Nilizigusa figo: mbili, ndogo, ngumu, zenye mabonde, kama mawe ya reli. Akamnusa mdomo. Halafu akaketi kwenye benchi karibu na Mama Albertine, si mbele yake.

“Mama, haiko sukari. Ni mafigo. Yamekauka. Tangu zamani, mbele ya kilio yako; leo tu njo inaonekana. Sina dawa ya kuponyesha. Niko na serumu kidogo, mayi ya dawa ya kumutia chini ya ngozi, itamusaidia. Na mayi. Asikatazwe mayi ata siku moya.”

“Mbele ya kilio,” alirudia Mama Albertine.

“Mbele.”

“Basi haiko yeye.”

Alisema hivyo kama anayesoma neno asilolijua. Nilidhani atafurahi, jibu lililomwachia paka lilikuwa hilo. Akakunja kitambaa cha kikapu, akakikunjua, akakikunja tena.

“Nilikuwa namujazia basani asubuhi na mangaribi,” alisema. “Nilikuwa namuambia, kunywa. Kunywa, Mwepu, sasa hakuna muntu anakukataza.”

Mwenye mbuzi hakuwapo siku ile. Hata angekuwapo, nadhani asingecheka.

Aliniomba mimi nije siku ya kumaliza kilio, niwaambie ndugu za mumewe. Nilisema docteur ndiye wa kusema. Docteur alisema mwenye paka anachagua mwenyewe, na akaniongezea, “Sema kile ulipapasa na mikono yako. Pale kujua kwako kunaishia, weye pia uishie pale.”

Nilikwenda. Nyumba ya Bel-Air ilikuwa imefagiwa mpaka nje ya ua. Sufuria za bukari zilifunikwa, munkoyo, kinywaji cha mahindi, ulikuwa umetengwa kwenye ndoo, na chumbani wazee wa ukoo walikaa kwenye viti vya kuazima, makoti ya abacost yamefungwa mpaka shingoni. Vitu vya Mwepu vilikuwa katikati ya chumba: baisikeli, redio, makoti, taa ya reli. Paka alikuwa chini ya kiti cha Mama Albertine. Basani haikuwapo, Kalenga alikuwa ameifungia tena tangu alfajiri, na karibu na mguu wake palikuwa na gunia tupu la unga.

Kalenga alikuwa mtu wa kiwanda, wa tanuru, mwenye uso ulioungua upande mmoja. Aliponiona alicheka kwa nguvu.

“Aa, njo huyu? Muganga ya bambuzi! Leo kilio ya Mwepu iko na veterinaire. Kesho mulamu yangu ataleta na nguruwe, itusomee misa.”

Wengine walicheka. Mulamu ni shemeji. Alikuwa akimsema Mama Albertine bila kumtazama.

“Kalenga, nyamaza,” alisema mzee wa ukoo. “Mutoto, sema.”

Niliwaambia. Nilisema mimi ni wa wanyama tu. Nilisema tulimpima na docteur, na nilizishika figo zake kwa mkono huu. “Figo ikichoka, mayi inapita tu, haikai mu mwili, njo maana anatafuta ingine. Paka wazee banapataka ile ugonjwa. Ilianza mbele Mwepu hajaingia lupitalo.”

Mzee wa ukoo alisikiliza vizuri. Halafu akauliza kwa upole kabisa. “Na ndani ya ile ugonjwa hakuna kitu ingine? Unaweza kuapa mbele yetu?”

Ningesema tu hakuna. Lilikuwa neno moja, na kila mtu ndani ya chumba kile alikuwa tayari kulipokea, hata mzee mwenyewe, nadhani. Alikuwa amechoka na anataka kula. Nilimtazama Mama Albertine. Hakunisaidia. Alikuwa akinitazama kama siku ile langoni, aliponiomba nimwambie kweli.

“Mzee,” nilisema, “mafigo najua. Ingine sijue. Siwezi kuapa juu ya kitu sijue.”

“Munasikia!” Kalenga alikuwa ameshasimama, gunia mkononi. “Ata yeye mwenyewe anakataa kuapa! Paka iende, iende leo!”

Watu wakaanza kusema wote pamoja. Labda ni makelele hayo yaliyomtoa paka chini ya kiti. Alitoka polepole, mifupa ya mgongo inahesabika, akapita kati ya miguu ya wazee, akapita taa ya reli, akafika kwenye kona ya mlango mahali basani ilipokaa siku zote. Palikuwa na alama ya duara kwenye sementi. Akainama, akaanza kuramba sementi kavu. Aliramba bila kuacha, kama ambaye hajui kwamba hakuna kitu.

Kalenga alikuwa amemfikia. Alisimama juu yake na gunia limefunguka, na hakuinama. Makelele yalipungua moja moja. Aliposema, alisema na mimi bila kugeuka, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya kwanza.

“Infirmier. Muntu banamupasula tumbo. Akikunywa mayi, kopo moya tu. Anakufwa?”

“Papa Kalenga, miye ni wa wanyama. Sijue.”

“Unajuaka nini, basi?”

“Huyu, mayi haimuue. Kumukataza njo kunamuua.”

“Anaweza kunywa?”

“Anywe vile anataka.”

Kalenga aliweka gunia juu ya kiti. Alitoa ufunguo mfukoni, akaenda chumba cha ndani, akatoka na basani, akatupita kwenda uani. Tulisikia bomba likifunguka. Alirudi akitembea kwa uangalifu mkubwa, mtu mzima wa tanuru, ili asimwage, na akapiga magoti akaiweka juu ya ile alama ya duara. Paka akanywa. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Mlango ulikuwa wazi, mwanga wa mchana ulikaa juu ya maji, ukavunjika, ukakaa tena, na Kalenga hakuondoka pale magotini mpaka paka aliponyanyua kichwa, kidevu kinadondoka matone.

Mzee wa ukoo alikohoa.

“Tuendelee,” alisema. “Baisikeli.”

Sakania aliishi miezi ile yote ya baridi, na akayaona maua ya jakaranda. Tulipokuwa na serumu nilikwenda kumchoma chini ya ngozi. Tulipokosa nilikwenda tu. Mama Albertine hakuwa akimwita tena kwa jina la mumewe. Aliniambia kwamba Kalenga anapita kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani, anajaza basani, hasalimii sana, anaondoka. Mwanzoni ilimsumbua, alisema. Halafu akawa anamwekea chai.

Mvua zilipoanza, Kalenga alikuja dispanseri, kofia ya kazi mkononi. Watu walikuwa wengi siku ile, kuku ndio walikuwa wanaugua mji mzima. Nilimfuata kwenye benchi.

“Imekufa,” aliniambia. “Asubuhi hii.”

“Pole, papa. Alikunywa?”

“Alikunywa. Miye njo nilimupa.” Akafikiri. “Alikunywa muzuri.”

Hakuinuka. Nilikuwa na kazi, nikamwacha. Kila nilipopita alikuwa bado ameketi hapo, kati ya bata na kuku, kofia magotini, anatazama matone yakianguka kutoka kwenye paa. Vieux Fataki alitoka kumwita anayefuata, na aliyefuata alikuwa yeye. Vieux Fataki alimtazama, akatafuta mnyama chini ya benchi, hakumwona. Akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kidogo.

Akamwacha Kalenga akae, akamwita mama wa bata, aliyekuwa nyuma yake.